Pasaka Irudi Makaburini

Kuna maneno mawili yasiyokosekana katika misiba yetu Wakristo. La kwanza: kazi ya Mungu haina makosa. La pili: sisi tulimpenda, Mungu kampenda zaidi. Yanachapwa kwenye fulana, yanabandikwa kwenye gari linalobeba jeneza, na msemaji wa familia huyarudia kila anapoishiwa la kusema. Anayeyatamka huwa anatafuta namna ya kumshika mkono mfiwa, na nia hiyo ni njema. Lakini kila Pasaka inapokaribia nazidi kuamini kwamba maneno haya hayawezi kukaa nyumba moja na habari tunayoitangaza Jumapili ile alfajiri.

Sizungumzi na wafiwa. Aliyefiwa aseme lolote linalomwezesha kusimama. Nazungumza na sisi tunaoshika kipaza sauti: wachungaji, mapadre, wainjilisti, wenyeviti wa kamati za mazishi, wazee wa ukoo. Sisi ndio tunaowafundisha watu, bila hata kukusudia, Mungu ni nani na kifo ni nini.

Mtume Paulo aliwaandikia Wakristo wa Korintho katikati ya miaka ya 50, wakati ambapo wengi wa watu waliodai kumwona Yesu akiwa hai baada ya kusulubiwa walikuwa bado hawajafa, na yeye mwenyewe anawataja. Katika sura ya 15 ya waraka wake wa kwanza anakiita kifo adui, tena adui wa mwisho kuangamizwa. Hakiiti mjumbe. Hakiiti mpango. Ushindi hupatikana dhidi ya adui. Hakuna anayeshangilia kumshinda mtumishi aliyetumwa kazi njema. Ikiwa kifo cha kila mtu ni kazi ya Mungu isiyo na makosa, basi Pasaka ni siku ambayo Mungu alitengua kazi yake mwenyewe, na aleluya zetu hazina maana.

Tumtazame Yesu msibani. Alifika Bethania wakati Lazaro ana siku nne kaburini. Martha akamlaki na lawama, kwamba angalikuwapo kaka yake asingekufa. Maria naye akaja na lawama ile ile. Yesu hakumwambia hata mmoja wao anyamaze, wala hakuwaonya wasimhoji Mungu. Yohana anasimulia jinsi moyo wake ulivyochafuka alipowaona watu wakilia, na jinsi yeye mwenyewe alivyolia, ingawa alijua kwamba muda si mrefu Lazaro atatoka nje. Mhubiri anayewakataza wafiwa kulia, akiwaambia machozi ni dalili ya imani haba, ajiulize somo hilo amelipata kwa nani.

Wengine watanikumbusha Ayubu, ambaye alipofiwa alilibariki jina la Bwana aliyetoa na kutwaa. Ni kweli, alisema hivyo katika sura ya kwanza. Kitabu chenyewe kina sura 42. Katika sura ya tatu Ayubu anailaani siku aliyozaliwa, na baada ya hapo anamshitaki Mungu kwa Mungu mwenyewe, sura baada ya sura, huku rafiki zake wakimtetea Mungu kwa hoja nzuri nzuri za kidini. Mwishoni hasira ya Mungu inawawakia wale watetezi, na anayeambiwa kwamba alisema yaliyo sawa ni Ayubu. Nadhani tungesoma kitabu hicho chote kwenye misiba, badala ya aya moja tu, tungesema maneno machache zaidi na kukaa na watu muda mrefu zaidi.

Na maneno yale mawili yana madhara mengine. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati la kisiwa cha Ukara, wilayani Ukerewe. Uwezo wake ulikuwa kubeba watu 101. Waliokufa walizidi 200. Kusimama juu ya makaburi yale na kusema kazi ya Mungu haina makosa ni kumtwisha Mungu shehena iliyopakiwa na binadamu.

Niliwahi kukaa msibani kwa binti aliyekufa akijifungua. Alivuja damu nyingi, na pale alipojifungulia hapakuwa na damu ya kumwongezea. Mtoto wake wa kwanza, bado mdogo, alikuwa mkekani kando ya bibi yake wakati mzungumzaji aliposema kwamba Mungu amempenda mama yake zaidi. Sijui mtoto yule alibaki na sura gani ya Mungu moyoni. Najua kwamba ningekuwa mimi, usiku ule ningeomba Mungu asimpende bibi.

Sasa tazama hesabu hizi. Utafiti wa kitaifa wa afya nchini Tanzania wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Katikati ya namba hizo mbili kuna vituo vya afya vilivyopewa vyumba vya upasuaji, wakunga walioajiriwa, gari lililofika usiku, chupa ya damu iliyokuwapo kwenye jokofu. Kama vile vifo 556 vilikuwa kazi ya Mungu, ni nani aliyethubutu kuipunguza? Wazee wa Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mwaka 1983, wanakumbuka miaka ya kutoka kaburi moja kwenda jingine, watoto wakilelewa na bibi, nyumba zikifungwa kwa kukosa mtu. Halafu kuanzia mwaka 2004 serikali ikaanza kugawa ARV bure, na watu waliokuwa wamelazwa wakisubiri siku yao wakainuka, wakarudi shambani, wakasomesha watoto. Kazi kubwa ya kuwauguza, kabla na baada ya dawa hizo, ilifanyika katika hospitali zilizojengwa na makanisa. Wale wauguzi hawakufikiri kifo ni rafiki. Walikipiga vita kwa mikono yao, na mimi naamini walikuwa wanahubiri Pasaka kuliko wengi wetu tuliokuwa madhabahuni.

Lakini dawa haitoshi kuitwa Pasaka. Aliyeponywa malaria atakufa kwa jambo jingine. Lazaro mwenyewe, baada ya kutolewa kaburini, alikuja kufa tena, akazikwa mara ya pili. Wakristo wanadai kitu kikubwa zaidi, na ni vizuri kukisema kwa uwazi wake wote, bila kukilainisha ili kipendeze.

Imani ya kwamba wafu watafufuliwa haikuanza na Wakristo. Mafarisayo wa zama za Yesu waliingoja siku hiyo, ingawa Masadukayo waliikana. Ndugu zetu Waislamu, ambao tunazikana nao na kuanua matanga pamoja, nao wanaingoja siku ya Kiyama. Jipya la Pasaka ni madai kwamba jambo lililotarajiwa mwisho wa dunia, kwa watu wote, limetangulia kutokea katikati ya historia, kwa mtu mmoja, nje ya ukuta wa Yerusalemu, wakati Pontio Pilato akiwa liwali. Paulo anamwita Kristo limbuko. Mkulima anajua limbuko ni nini: ni mavuno ya kwanza, na shamba lililobaki ni lile lile. Kilichompata yeye kitawapata walio wake.

Tena kitaupata mwili. Hapa ndipo naona mahubiri yetu ya makaburini yamepotea njia zaidi. Mara nyingi tunasema kwamba marehemu hayumo jenezani, kwamba lililomo ni ganda tu, roho imeshakwenda kupumzika, na basi. Wagiriki wa Athene wangelipokea hilo bila taabu. Paulo alipohutubia Areopago walimsikiliza vizuri mpaka alipotaja kufufuliwa kwa wafu, ndipo baadhi yao wakaanza kumcheka. Roho isiyokufa waliielewa. Mwili uliorudishwa uhai waliuona kichekesho. Sisi kila Jumapili tunakiri ufufuo wa mwili kwenye imani, halafu Jumatano makaburini tunahubiri kama Waathene.

Yesu aliyefufuka alikula samaki wa kuokwa mbele ya wanafunzi, anasimulia Luka. Kwenye ufuo wa ziwa la Tiberia, kwa Yohana, yeye mwenyewe ndiye aliyewasha moto wa makaa na kuwaita waje kustaftahi baada ya usiku mzima wa kuvua bila kupata. Na alama za misumari hazikufutika. Tomaso alipotaka hakika aliomba kuona majeraha, akaonyeshwa.

Majeraha hayo yananirudisha kwenye Pasaka ya mwaka 2015. Alfajiri ya Alhamisi Kuu, tarehe 2 Aprili, Al-Shabaab walivamia Chuo Kikuu cha Garissa nchini Kenya. Wauaji waliwatenga Wakristo na kuwaua. Waliokufa walikuwa 148, kati yao wanafunzi 142. Miili ikasafirishwa hadi mochari ya Chiromo, Nairobi, na Jumapili ya Pasaka ilipofika bado kulikuwa na wazazi waliokuwa wakisubiri kuwatambua watoto wao. Mzazi aliyesimama pale hakuwa akitafuta roho. Alikuwa akitafuta mkono anaoujua, kovu la utotoni, viatu alivyomnunulia muhula ulipoanza. Ukimwambia mzazi huyo kwamba mwili ule ni ganda tu, umemwambia kwamba kile kilichoharibiwa hakikuwa na thamani, na kwamba muuaji hakuharibu kitu cha maana. Habari ya Pasaka ni nyingine kabisa. Inasema mwili ule ule ulioonewa ndio utakaoinuliwa, na kwamba Mungu ana haja na kila kilichovunjwa.

Hakuna mahali katika ukanda wetu ambapo tumaini hili lilipimwa kwa ukali kama kilima cha Namirembe, Kampala, Februari 1977.

Janani Luwum alizaliwa Mucwini, katika nchi ya Waacholi, mwaka 1922. Alikuwa mwalimu alipookoka mwaka 1948 katika uamsho uliotoka Rwanda na kuenea Afrika Mashariki yote, akawa mchungaji, askofu, na mwaka 1974 askofu mkuu wa Kanisa la Uganda. Katika Uganda ya Idi Amin watu walikuwa wakitoweka. Luwum alikuwa akienda ofisi kwa ofisi kuuliza walipo, hata alipoonywa asiende tena. Mapema Februari 1977 askari walimvamia nyumbani usiku na kuipekua nyumba yake, na siku chache baadaye maaskofu wakamwandikia Amin barua ya kulalamikia mauaji na dhuluma. Jumatano tarehe 16 akaitwa Kampala pamoja na viongozi wengine, mbele ya askari waliokusanywa, akashutumiwa kwa njama za kuipindua serikali. Hakurudi nyumbani. Redio ikatangaza kwamba yeye na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi, wamekufa katika ajali ya gari.

Waumini walichimba kaburi Namirembe, kando ya kaburi la Askofu James Hannington, aliyeuawa Busoga mwaka 1885. Jumapili tarehe 20 maelfu walikuja kanisani. Mwili haukuja. Serikali ilikataa kuutoa. Ulikuwa umepelekwa kaskazini na askari, ukazikwa Mucwini, na waliouona kabla haujafunikwa na udongo walishuhudia majeraha ya risasi. Namirembe ilibaki na kaburi lililo wazi na umati usio na mtu wa kumzika.

Hapo akasimama askofu mkuu mstaafu, Erica Sabiti, Mwafrika wa kwanza kushika kiti hicho, akawakumbusha watu maneno ambayo malaika aliwaambia wanawake kaburini asubuhi ya Pasaka: kwamba wanayemtafuta hayupo pale, amefufuka.

Nimelifikiria tendo hilo mara nyingi. Ukilitazama kijuujuu unaweza kusema mzee alichanganya mambo, kwa maana kaburi la Namirembe lilikuwa tupu kwa sababu ya ukatili wa serikali, wala halikuwa na muujiza wowote. Maiti ilikuwapo, Mucwini, na ipo hadi leo. Sabiti alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Alichofanya ni kukataa kuipa serikali neno la mwisho. Waliouficha mwili walitaka pasiwe na mahali pa kulilia, pasiwe na kaburi la kukusanyikia, jina lizimike kimya kimya. Sabiti akalichukua shimo lile lile walilolinyima maiti, akaligeuza kuwa mimbari. Kwa sababu kaburi moja la Yerusalemu lilikutwa tupu, alikuwa anasema, lile la Mucwini lililojaa halitabaki limejaa. Sijui mahubiri ya Pasaka yaliyo mafupi na mazito kuliko hayo, na hayakutolewa hata siku ya Pasaka.

Kampala ilianguka mikononi mwa majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda tarehe 11 Aprili 1979, Jumatano ya Juma Kuu. Jumapili iliyofuata ilikuwa Pasaka. Naelewa watu walioona mkono wa Mungu katika tarehe hizo. Mimi nazitaja kwa tahadhari. Uganda iliendelea kumwaga damu kwa miaka mingi baada ya hapo, na Mucwini yenyewe, alipolala Luwum, ilishuhudia raia wakichinjwa mwaka 2002 katika vita vya Joseph Kony. Anayelitegemeza tumaini la Pasaka juu ya serikali kuanguka atalipoteza serikali inayofuata ikianza kuua. Tumaini la Sabiti lilitangazwa miaka miwili kabla, Amin akiwa bado ikulu, na halikuwa limemwekea Mungu tarehe ya mwisho.

Ndiyo maana nahuzunika nikiona mabango ya Pasaka mijini yakiahidi ufufuo wa biashara, ufufuo wa ndoa, ufufuo wa ndoto zilizolala. Mungu anajali biashara ya mtu, sina shaka. Lakini mama aliyezika mwanawe mwezi Januari akiingia kanisani Pasaka na kusikia habari za mtaji, ametoka bila kitu. Yeye hakufiwa na mtaji. Alikuja kusikia kama atamwona mwanawe tena, na kanisa ndilo peke yake lililokabidhiwa jibu hilo.

Kwa bahati njema tunayo mila inayoweza kutusaidia, na haihitaji kubuniwa. Mwaka 1732, katika kijiji cha Herrnhut huko Saksonia, Ujerumani, vijana wa jumuiya ya Wamoraviani walitoka alfajiri ya Pasaka wakapanda kilimani hadi makaburini, wakaimba na kutafakari ufufuo juu ya makaburi ya ndugu zao. Mawe ya makaburi yale yalilazwa chini, bapa, yanayofanana, ya tajiri na ya maskini. Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891, na mila hiyo ikaja nao. Hadi leo sharika nyingi za Moravian na za Kilutheri nchini hutoka gizani siku ya Pasaka, matarumbeta mbele, na kwenda makaburini kulisubiri jua. Wakatoliki wana mkesha wao wa Jumamosi usiku wenye mshumaa wa Pasaka, na makaburini huenda tarehe 2 Novemba, siku ya marehemu wote. Ni ibada nzuri zote mbili. Ningependa tu zikutane.

Najua ugumu uliopo. Wengi wetu tunaoishi Dar es Salaam, Nairobi au Mwanza wafu wetu hawako mjini. Tumewasafirisha, tumewazika kihambani Moshi, au kando ya nyumba Kyela, Siaya, Bukoba. Na makaburi ya mjini yamejaa, mengine hata njia ya kupita hayana. Basi pale ambapo kwenda haiwezekani, yasomwe majina. Kila usharika na kila parokia ina orodha ya iliyowazika tangu Pasaka iliyopita. Asomwe mzee aliyekufa akiwa na miaka 90 na asomwe mtoto aliyekufa kabla ya ubatizo. Msomaji asiharakishe, na baada ya jina la mwisho kwaya iimbe.

Na makaburini, au palipo na orodha hiyo, mhubiri aseme yale ambayo Paulo aliwaambia Wakorintho bila kuyapunguza: kifo ni adui, Mungu hakukileta kwa sababu ya upendo, Kristo amekishinda, nasi tunaingoja miili ya watu wetu. Ikiwa kuna aliyekufa kwa kivuko kilichojazwa kupita kiasi au kwa kukosa chupa ya damu, hilo nalo lisemwe, na kanisa lijue lina kazi ya kufanya kuanzia Jumatatu ya Pasaka.

Wachungaji na mapadre wanaopanga ratiba ya Juma Kuu wanaweza kuongeza saa moja ya alfajiri. Waiongeze. Na wazungumzaji wetu misibani wayaache yale maneno mawili. Mfiwa akishikwa mkono na mtu aliyenyamaza, hajapungukiwa chochote.